Mito Badala ya Magodoro

4 Februari

Dada yangu mkubwa, fundi wa sare za shule za nusu ya mji,

Pokea salamu za mtu maarufu, na uzipokee kwa mikono miwili maana ni nzito. Mimi mzima, wifi yako mzima, mapacha wazima kupita kiasi: jana wameng'oa mlango wa kabati ili wapate ubao wa kutelezea ngazini. Mama magoti yake vipi? Mwambie dawa ya kuchua ninayo, nimepewa na baharia mmoja ambaye alikuwa hatembei, sasa anakimbia madeni.

Baada ya hayo, nina ugomvi na wewe. Barua zako zimekuwa kavu. Simu hutaki, unasema kwenye simu nakuchekesha mpaka unasahau ulichotaka kusema. Sawa, tuandikiane. Lakini tangu mwaka uanze unaniandikia kama karani wa mahakama. "Hatujambo. Mama hajambo. Wasalaam." Dada, hiyo ni barua au risiti?

Unajua hali yangu. Kila Ijumaa baada ya taarifa ya habari nchi nzima inanyamaza kumsikiliza Kasuku redioni. Askari wa barabarani ananisimamisha, akisikia sauti yangu ananiomba nimchekeshe kidogo ndipo niende. Mimi, niliyeishia darasa la saba, tena la pili nililisoma mara mbili kwa kulipenda! Niliyelala kwenye hoteli za bandari tano na kugombana na wapishi wa meli kwa lugha nne! Mtu kama huyo leo anakaa mezani asubuhi, anafungua kalamu, anatazama karatasi, karatasi inamtazama. Neno haliji. Nachora samaki. Nimechora samaki wengi, naweza kufungua bucha.

Tuseme ukweli, sisi ni ndugu. Vichekesho vyangu vinatoka kwako. Wewe unalalamika, mimi natangaza. Yule jirani yako anayeazima pasi na kuirudisha ikiwa bado ya moto: wiki mbili za kipindi. Yule mteja aliyetaka sare ya mtoto iachiwe nafasi ya kukulia, mtoto akawa anavaa hema: watu waliandika barua kuniomba nirudie. Na ile ya mwisho, ya Novemba, ndiyo funga kazi. Uliniandikia jinsi shemeji anavyojifunza kumwomba meneja cheo cha usimamizi, amesimama mbele ya kioo cha kabati, wewe umekalishwa kitini uwe meneja, na unaagizwa ukunje uso. Nikaiweka hewani kama ilivyo. Ila nina akili: shemeji yuko kiwanda cha magodoro, basi Bwana wangu nikamweka kiwanda cha mito. Nani angejua? Watu walianguka kwenye viti. Mpaka leo wanamuulizia Bwana Mito.

Bosi wangu, mtayarishaji wa vipindi, mama mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kunitazamia mimi, anasema Bwana Mito arudi kabla hajanibadilishia saa. Kwa hiyo nakuomba, lalamika. Mseme yeyote. Nitie mafuta.

Mdogo wako mwenye njaa ya maneno,
Kasuku


1 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Barua ilifika, nilikuwa na kazi nyingi, shule zimefungua. Sisi wazima. Mama magoti yake yako vilevile, anasema dawa ya baharia umpake baharia. Mvua inanyesha jioni. Shemeji yako yuko kazini.

Sina malalamiko yoyote.

Wape salamu wifi na watoto.

Dada yako


9 Machi

Dada mpendwa,

Nimeipokea ile taarifa yako ya hali ya hewa. Nimewasomea wa nyumbani, wifi yako akauliza, "Imekwisha?" Nikamwambia imekwisha. Akasema, "Huyu amekasirika." Nikamwambia dada yangu akikasirika herufi zinatoboa karatasi, na hapa karatasi ni nzima. Akaguna. Unamjua akiguna.

Watoto wamepona surua. Nyumba imebaki na madoa ya dawa, ukuta mzima wa zambarau.

Mimi hali ni mbaya, nakuambia bila ya mzaha, au kwa mzaha kidogo maana bila mzaha siwezi. Ijumaa iliyopita niliingia studio na karatasi moja iliyoandikwa upande mmoja. Nikajaza muda kwa kukohoa. Nikaigiza mlango unaofunguka. Nikaigiza unafungwa. Fundi mitambo, yule anayekaa nyuma ya kioo na kuzungusha vitufe, alinitazama kwa huruma, na mtu yule huruma hana, alimfukuza mjomba wake studio kwa kupiga chafya.

Tatizo najua ni nini. Nikijaribu kutunga mwenyewe natunga mtu asiye na nyumba. Watu wako wana nyumba, wana makochi, wana bakuli lenye ufa. Wangu wanaelea hewani.

Basi niambie moja tu: cheo cha shemeji kimefika wapi? Alikwenda kwa meneja? Ile sentensi yake aliisema? Naipenda ile sentensi, dada, ningeitunga mimi ningejipa zawadi: "Meneja, nimewalaza watu usingizi mnono miaka yote hii. Naomba mnikumbuke na mimi nikiwa bado macho." Bwana Mito alipoisema hewani, fundi mitambo aliinama chini ya meza. Niandikie kilichotokea, neno kwa neno, sura ya meneja, kila kitu. Hapo kuna vipindi vitatu, najua, nasikia harufu.

Nimemwekea shemeji tai humu kwenye bahasha. Ni ya hariri, ya msimamizi kabisa. Niliinunua nikimwona nayo shingoni.

Kasuku wako


30 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa watoto. Nimefurahi surua imepita. Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini, nikamwambia una kazi.

Tai yako hiyo, nakurudishia. Haijavaliwa. Shemeji yako hajaiona.

Umeuliza kilichotokea, neno kwa neno, sura ya meneja. Haya, kaa chini.

Bwana Mito wako alitoka hewani Ijumaa. Shemeji yako alikwenda kwa meneja Jumatatu. Nilimpigia pasi shati mwenyewe. Yeye redio hasikilizi, unajua, akitoka kiwandani masikio yamechoka na mashine. Akaingia ofisini, meneja yupo, mhasibu yupo, mama wa kuchapa yupo. Akasimama kama alivyojifunza. Akaisema ile sentensi yote, bila kukwama hata mahali pamoja. Mtu ambaye kwa siku anasema maneno ya kujaza kikombe.

Wakacheka. Mhasibu alilalia meza. Meneja akajifuta machozi, akamwambia, "Kumbe na wewe mcheshi! Kumbe na wewe unamsikiliza Kasuku!" Shemeji yako akacheka nao. Unamjua anavyocheka kwa adabu, mabega peke yake. Alidhani labda wakubwa ndivyo wanavyokubali jambo. Akawashukuru, akatoka.

Cheo amepewa mwingine, ambaye shemeji yako ndiye aliyemfundisha kushona kingo za godoro. Walidhani alikwenda kutania. Wakata sponji wakawa kila akipita wanamwambia, "Mnikumbuke nikiwa macho!" Akawauliza wameitoa wapi. Wakamwambia redioni, Ijumaa.

Sentensi ile hapa duniani tuliisikia wawili, mimi na kioo. Kioo hakina ndugu redioni.

Hajanigombeza. Ningependa anigombeze. Anakula, anasema asante, anauliza kama mlango umefungwa, analala. Hayo ndiyo maneno ya nyumba hii tangu Novemba. Kabla ya hapo jioni alikuwa ananisimulia siku yake mimi nikishona, polepole, anatafuta neno, analipata. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa anamsikia akisema hivyo. Sasa sisikii hata mimi.

Mimi Ijumaa ile sikusikiliza, nilikuwa na sare za kumaliza. Nimekuja kuyajua baadaye kama yeye.

Usithubutu kumwomba radhi redioni. Ukimwomba radhi redioni watacheka tena.

Dada yako


6 Aprili

Dada,

Salamu zangu leo hazina mbwembwe. Wa huku wote wazima.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya studio. Halafu nikakaa sakafuni. Mfagizi akanizunguka na ufagio kama mimi ni kiti.

Nilimficha, dada. Wallahi nilimficha. Nilisema mito! Nilibadilisha kiwanda, nikambadilishia na sauti, nikampa ya puani, shemeji hana sauti ya puani. Sentensi ndiyo sikuigusa, kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuandika. Hiyo ndiyo akili yangu: nimechukua saa ya mtu nikabadilisha mkanda.

Nimewaza kumwombea kazi kwingine, namjua mwenye kiwanda cha viti, tulikunywa naye chai mara moja, au ni ndugu yake, sikumbuki vizuri. Nimewaza kuja hapo na kupiga magoti uani. Nimewaza kumpigia meneja nimwambie sentensi ile mwenyewe ni huyu, si mimi, mimi ni mwizi. Kisha nikaona meneja atafurahi kuongea na Kasuku, ataniomba nimchekeshe kidogo. Na mimi, najijua, ningemchekesha.

Kwa hiyo nakuomba wewe umwambie. Wewe una maneno ya upole. Mwambie sikujua kama anakwenda Jumatatu ile. Mwambie nilimpenda yule Bwana Mito, sikumcheka. Ukimwambia wewe atasikia.

Redioni wanapiga vipindi vya zamani. Nimemsihi fundi mitambo ile ya Novemba aifiche nyuma ya kanda zote, ameificha. Mama wa miwani mbili ananiuliza naumwa nini. Nimemwambia jino.

Na kingine. Unaandika hukusikiliza Ijumaa ile. Haya. Sitasema kitu. Ila simu ya Jumamosi asubuhi, ya mtu asiyependa simu, sikuipiga mimi. Na aliyekuwa anacheka mpaka anakohoa, namjua kikohozi chake tangu utoto.

Nimeandika hayo, nimeyatazama, nataka kuyafuta. Nayaacha. Unisamehe kwa hayo pia, yaweke pamoja na mengine.

Mdogo wako


12 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Najua nimechelewa. Mama alilazwa kidogo kwa sababu ya shinikizo la damu, ametoka, yuko mlangoni anamsema jirani. Yuko vizuri.

Barua yako ilikaa chini ya cherehani. Kila nikikanyaga pedali nilikuwa naikanyaga. Usiku nikawa nakukasirikia wewe, asubuhi najikasirikia mimi.

Ni kweli nilipiga simu. Ijumaa ile jirani wa pasi alikuja na kiti chake, tukasikiliza pamoja. Nilicheka mpaka nikashikilia meza ya kukatia. Na nilikuwa najivuna, nikuambie ukweli. Nilikaa nikijua kwamba mume wangu ndiye anayechekesha nchi nzima, na anayelijua hilo ni mimi peke yangu. Shati la Jumatatu lilikuwa limening'inia mbele ya macho yangu, wala sikuliona.

Alipotoka kiwandani siku aliyoambiwa habari ya redio, hakuvua viatu. Aliniuliza swali moja: "Ijumaa ile ulisikiliza redio?" Nikasema hapana, nilikuwa na sare. Akasema, "Sawa." Kumbe jirani alishamsimulia getini jinsi tulivyocheka, mimi na yeye. Aliniuliza huku anajua. Alikuwa ananipa nafasi, na mimi nikaitupa.

Kwa hiyo tuko wawili. Wewe uliiba, mimi niliacha mlango wazi kisha nikasema sikuwepo. Nikakudanganya na wewe, kwa kuwa nilikuwa nimeshazoea kulisema.

Ndiyo maana barua zangu zikakauka. Sikuwa nakukomesha. Kila nikiandika jambo la nyumbani naisikia sauti yako ya puani ikilisoma.

Sasa nisikilize. Sitamwambia chochote kwa niaba yako. Mimi si posta ya radhi zako. Unajaza nusu saa ya watu kila wiki, shindwa basi kujaza ukurasa mmoja wa mtu mmoja! Mwandikie yeye. Jina lake juu ya bahasha. Bila sauti ya puani, bila mbwembwe. Mimi langu nitalisema mwenyewe, nikipata ujasiri. Sijaupata.

Dada yako


8 Julai

Dada mkubwa,

Nakusalimu wewe, namsalimu mama na shinikizo lake, namsalimu hata jirani wa pasi. Huku mapacha wameanza shule, mwalimu ameshaniita. Wifi yako anasema pole, na anasema alijua tangu siku ile alipoguna.

Nilidhani jambo gumu duniani ni kuchekesha watu wenye njaa. Nimewahi, nilipata makofi. Sasa nimejua liko gumu zaidi. Nilikaa kumwandikia shemeji nikiwa nimenyoa ndevu, nimevaa vizuri, kama ananiona. Karatasi ya kwanza nikaanza, "Shemeji, mimi na wewe ni kama mto na godoro." Nikaichana. Ya pili nikaeleza shida za kazi yangu mpaka ikawa inasomeka kana kwamba mimi ndiye ninayemdai pole. Nikaichana. Ya tatu nilikuwa nalia, dada, machozi ya kweli, nikaona linakuja neno tamu kuhusu machozi, nikaacha kulia ili niliandike vizuri. Hiyo niliichana na kuikanyaga. Samaki walirudi. Nilichora mpaka nyangumi.

Wiki ikaja, wiki ikapita. Huwezi kuamini ilivyo aibu: kila neno linalotoka mkononi mwangu linageuka kutafuta makofi.

Mwishowe nikaenda kwa fundi mitambo. Unajua sisi tunavyofanya kazi? Kila Alhamisi namsomea kipindi chote, yeye yuko nyuma ya kioo. Ikifika mahali pa kumchekesha, anainua mkono. Mistari ya mkono naiweka, mingine naitupa. Miaka yote hii kipindi changu kimetengenezwa na mkono wa mtu huyo. Basi nikamsomea barua ya shemeji, kurasa saba, ile iliyokuwa na afadhali.

Akainua mkono. Akainua tena. Nikamwambia, "Bwana, hii si ya kipindi!"

Akasema kwenye spika, "Najua. Ndiyo maana naona vibaya kucheka."

"Sasa nifanye nini?"

"Futa kila ninapoinua."

Tukaanza upya. Nikasoma, akainua, nikafuta. Nikafika pale nilipoandika kwamba sili wala silali, akainua. Nikamwambia hapo hapachekeshi. Akasema, "Hapachekeshi, hapo unaigiza." Nikafuta. Pale nilipojiita mbwa, akainua. "Unajipamba," akasema. Mwizi wa mchana! Nilitamani kuvunja kile kioo. Kurasa saba zikawa mbili, mbili zikawa nusu, na nusu nayo akaitafuna. Alipoacha kuinua mkono nilikuwa na mistari hii, nakuandikia na wewe, usije ukaifungua bahasha yake kwa mvuke:

"Shemeji. Maneno yako niliyachukua bila ruhusa nikayatangaza. Aliyeniandikia aliniandikia kama ndugu, hakunipa niyatumie. Cheo chako kimepotea kwa sababu yangu, na sina cha kukurudishia. Naomba unisamehe ukiweza."

Hivyo tu. Niliisoma nikaona kama nimetoka nje bila suruali. Nikauliza, mbona haina mimi? Fundi mitambo akasema ndiyo nzuri hivyo.

Bahasha ya shemeji iko humu, imefungwa, jina lake juu.

Habari za kipindi: nimemwambia mama wa miwani mbili kwamba Bwana Mito hatarudi, wala mke wake, wala jirani wao. Akavua miwani zote. Nusu ya muda wangu amepewa mtu wa mapishi. Robo saa niliyobakiwa nayo, siku hiyohiyo ya ile barua ya shemeji, nilikaa nikaiandika yote bila kuchora samaki hata mmoja, na bila barua yako mezani. Ni habari za mtu mwenye mdomo mpana kuliko mlango wa nyumba yake. Ana nyumba huyu. Nilimpa yangu, na kabati lisilo na mlango.

Walicheka kidogo. Zamani kidogo hicho kingeniua. Niliona ni halali yangu.

Ningependa kuja. Niambie kama nije.

Mdogo wako


2 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, wewe na wifi na hao wang'oa makabati. Mama anatembea mpaka dukani na kurudi, huko njiani anagombana na watu wawili watatu, kwa hiyo ni mzima. Sare za muhula mpya nimeshamaliza.

Bahasha ilifika. Nilimpa akiwa anaingia kutoka kazini, vipande vya sponji bado viko nyweleni. Akaisoma kwa kusimama. Akageuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Akaniuliza, "Nani kamfutia?"

Nikasema fundi mitambo.

Akaikunja akaiweka mfuko wa shati. Nikaona anaelekea bafuni kama siku zote, na kwamba akishaingia bafuni jioni imekwisha, itabaki asante na mlango umefungwa. Nikasema kabla sijajiandaa. Nikasema, "Ijumaa ile nilisikiliza. Nilikuwa hapa, na jirani, na nilicheka. Nikakuambia sikusikiliza."

Akasimama na taulo begani. Nilikuwa nimeshika mkasi, sijui kwa nini, nguo ya kukata haikuwepo.

Akaniuliza, "Ulicheka wapi?"

Si kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia. Nikamwambia. Sikupunguza. Nilicheka pale meneja wa redioni alipoambiwa akunje uso akakunja na mabega. Nilicheka na kwenye ile sentensi, nikamwambia, na kwenye ile sentensi nililia pia kidogo, kisha nikaona hilo la kulia najipamba nalo, nikamwambia, "Nilicheka."

Akakaa kitandani na taulo lake.

Nikadhani ndiyo basi. Nikaweka chai, nikatandika meza, mama akaja akachungulia akarudi. Halafu akaanza kusema. Polepole, anatafuta neno, analipata. Yaliyotokea ofisini kama alivyoyaona yeye. Yaliyotokea kwenye mashine baada ya hapo. Mengine ya mimi, mengine ya kukuhusu wewe. Kuna mahali alikasirika akapandisha sauti mpaka jirani akazima redio yake, na nikashukuru. Chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa.

Kuhusu kuja, usije bado. Amesema atakuandikia au hataandika, hajui, asisukumwe. Kusamehe hajasema neno hilo, wala kwako wala kwangu. Ila jana jioni, mimi nikishona, alinisimulia habari ya mashine ya kushindilia iliyokwama na bosi wake mpya aliyeingiza mkono na saa ikabaki ndani. Nilicheka. Akanitazama, nikaogopa. Akaendelea.

Najua unavyosoma hapo. Najua umeketi pembeni ya kiti, unataka kujua ya jioni ile aliyoyasema, neno kwa neno, na saa ilitolewaje. Nayakumbuka yote, mdogo wangu. Hakuna hata moja nitakaloliandika. Kaa na hamu yako.

Nakupenda,
Dada yako